Mara ya Kwanza Haiandikwi Daftarini

Kuna mwaka mama yangu mdogo aliacha kukaanga vitumbua. Mtaani kwao, Tanga, hilo halikuwa jambo dogo. Kwa miaka mingi mlango wake ndio uliotangulia kufunguliwa alfajiri, na wanafunzi, makonda na wazee waliotoka msikitini walikuwa wakisimama mbele ya kikaango chake kusubiri vya moto. Mumewe alikuwa ameoa mke wa pili. Kuoa kwenyewe hakukumshangaza sana. Kilichomvunja ni namna alivyopata habari. Aliambiwa na mteja, kwa utani, watu wamejaa, yeye ameshika kijiti cha kugeuzia. Wiki chache baadaye akawa analala mchana na kukesha usiku. Sahani akiwekewa anaisogeza. Alisema mwili mzima unauma na moyo unakwenda mbio.

Daftari lake la zahanati nimelishika mkononi. Ni lile la shule, la kurasa themanini, ambalo mgonjwa hununua dukani kabla hajafika dirishani. Ndani ya miezi miwili alikwenda mara tatu. Mara ya kwanza kipimo cha malaria kilionyesha hana, akapewa dawa mseto vilevile. Mara ya pili imeandikwa U.T.I. Mara ya tatu presha ilipimwa, ikakutwa sawa, akarudi nyumbani na dawa za maumivu na vitamini. Baada ya miezi mitano hivi akaliwasha tena jiko, na hakuna aliyejua kwa nini hasa siku ile na si nyingine.

Tabibu simlaumu. Aliambiwa maumivu, akatibu maumivu. Ila mama mdogo ananisaidia kusoma tafiti za sonona kwa jicho jingine, kwa sababu takwimu nyingi tunazotajiwa kuhusu ugonjwa huu zimehesabiwa mahali ambapo yeye hakuwahi kufika. Mara ya kwanza ya sonona kali hutokea nyumbani, jikoni, shambani, kitandani. Anayehesabu akiwa amesimama mlango wa hospitali huiona ikiwa imeshakuwa kitu kingine, au haioni kabisa. Makosa mawili makubwa katika historia ya fani hii, yanayoonekana kupingana, yametoka mlango huohuo.

Kwanza jina. Sonona ndilo neno la madaktari na wizara Tanzania. Ukivuka Namanga utasikia zaidi unyogovu au mfadhaiko, na mitaani pande zote mbili watu husema tu fulani "ana mawazo". Kitabibu inahesabiwa kuwa sonona kali mtu akiwa na dalili tano au zaidi kati ya tisa, karibu kila siku, kwa muda wa wiki mbili, na mojawapo lazima iwe huzuni isiyoondoka au kupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda. Nyingine ni usingizi kuharibika, chakula kutopita au kuzidi, uchovu, kushindwa kutuliza akili, mwili kuzubaa au kuhangaika, kujiona hufai, na kuwaza kifo. Mama mdogo nikimhesabia kwa vidole, mkono mmoja unajaa.

Sasa kosa la kwanza. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilimkabidhi daktari J. C. Carothers hospitali ya Mathari, Nairobi, bila kuwa na mafunzo ya magonjwa ya akili. Alikaa pale hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha ripoti yake kuhusu akili ya Mwafrika, na humo alidai kwamba sonona kwa Waafrika ni nadra sana. Sababu aliyotoa ni kwamba Mwafrika hajibebeshi wajibu wake mwenyewe, kwa hiyo hana hatia ya kumtafuna. Alifika hadi kumlinganisha na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Watu wengi humkumbuka kwa ubaguzi huo, na ni haki yake. Mimi hunisumbua zaidi hesabu yake. Alihesabu waliolazwa. Mathari ya wakati ule watu hawakwenda kwa miguu yao. Walipelekwa, wengi kwa sababu walifanya fujo mahali fulani ikabidi polisi au mahakama iingilie. Mwanamke aliyenyamaza, akaacha kula, akageukia ukuta, nani angempeleka Mathari? Hakusumbua mtu.

Ilipofika miaka ya sabini, John Orley na John Wing walifanya jambo ambalo ukiliangalia leo ni la kawaida mno: walikwenda vijijini, viwili nchini Uganda, wakauliza watu majumbani mwao kwa kutumia maswali yaleyale yaliyokuwa yakitumika London. Matokeo yao, yaliyochapishwa 1979, yalionyesha sonona ni nyingi kuliko Camberwell, mtaa wa kusini mwa London waliolinganisha nao. Carothers alihesabu mlangoni pa hospitali akakuta karibu hakuna. Hawa waligonga hodi.

Camberwell yenyewe inastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu ndiko swali la mara ya kwanza lilikoulizwa vizuri. George Brown na Tirril Harris waliwahoji wanawake 458 wa pale, na kitabu chao kilitoka 1978. Mahojiano yalikuwa marefu, ya masaa. Mwanamke alisimulia mwaka wake wote, nini kilitokea, lini, nani alikuwepo. Kisha watafiti wengine, bila kuambiwa kama aliugua au la, walipima uzito wa kila tukio kwa kuangalia mazingira yake. Kupata mimba, kwa mfano, ni habari njema kwa mmoja na ni balaa kwa mwenye watoto wanne chumba kimoja na mume asiye na kazi. Ujanja huo uliondoa tatizo la zamani, kwamba mgonjwa huyaona mambo yote mabaya kwa sababu tayari anaumwa.

Waligundua kwamba wengi mno wa waliougua walikuwa wamepatwa na tukio zito au dhiki ya muda mrefu kabla ya kuugua. Lakini kati ya waliopatwa na tukio zito, kama mmoja tu kwa watano ndiye aliyeugua. Swali likawa, hao wanne wengine wamesimamia nini? Kilichojitokeza kwa nguvu ni kuwa na mtu wa karibu wa kumwambia ya moyoni. Asiyekuwa na msiri huyo alianguka kirahisi zaidi, na vivyo hivyo aliyefiwa na mama yake kabla ya kufikisha miaka 11, mwenye watoto wadogo watatu au zaidi nyumbani, na asiye na kazi nje ya nyumba.

Baadaye Brown na wenzake walirudi, safari hii Islington, kaskazini mwa London, na mwaka 1995 wakaonyesha jambo ambalo sisi wa pwani tungeweza kuwaambia bure. Kupoteza peke yake hakumwangushi mtu sana kama kupoteza kunakoambatana na fedheha, au kubanwa mahali usipoweza kutoka wala kubaki. Muda uleule Jeremy Broadhead na Melanie Abas walikuwa Harare, katika mtaa mmoja wa watu wa kipato cha chini, wakiwahoji wanawake 172 waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Takriban 31 kati ya kila 100 walikuwa wameugua sonona au wasiwasi mkubwa ndani ya mwaka uliotangulia, na matukio yaliyotangulia yalikuwa yaleyale ya fedheha na kubanwa, hasa ya ndoa, pamoja na vifo vya mapema. Kwa Kishona, lugha ya huko Zimbabwe, wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Ukilisikia tu unajua ni jirani wa "mawazo" yetu.

Ndiyo maana nasema kilichomvunja mama mdogo si ndoa ya pili. Ni kijiti mkononi na watu wakimtazama.

Kosa la pili ni la kisasa, na limevaa koti jeupe. Utasikia ikisemwa kwamba sonona ikishakuingia mara moja basi ni mgeni wa kudumu, itarudi tu. Msingi wake ni tafiti nzuri kabisa. Mojawapo, iliyochapishwa 1999, iliwafuatilia kwa miaka 15 wagonjwa 380 wa hospitali za vyuo vikuu vya Marekani waliokuwa wamepona, na asilimia 85 walirudiwa. Ukimsomea mgonjwa takwimu hiyo siku anayotoka hospitali, umemfunga jiwe shingoni.

Lakini hao 380 ni akina nani? Ni waliougua vibaya au kwa muda mrefu kiasi cha kufika hospitali ya chuo kikuu. Mwaka 1984 Patricia na Jacob Cohen waliupa mtego huu jina, wakauita njozi ya daktari. Mfano wangu ni wa kijiwe cha kahawa. Pita saa yoyote uwaulize wazee wamekaa pale muda gani, utaondoka ukiamini kila anywaye kahawa hushinda kijiweni nusu siku. Aliyekunywa kikombe kimoja akaenda zake hukumkuta. Daktari naye kila siku anawakuta waliokaa.

Mjini Baltimore, William Eaton na wenzake walifanya kinyume chake. Walianza 1981 na watu 3,481 wa kawaida, wa majumbani, wakawafuata kwa zaidi ya miaka ishirini. Kati yao 92 waliugua sonona kwa mara ya kwanza maishani wakati utafiti ukiendelea. Nusu yao walipona na haikurudi tena. Kama asilimia 15 haikuwaachia hata mwaka mmoja. Waliobaki ilikwenda na kurudi. Uholanzi nako, utafiti wa kitaifa uliotoka 2002 uliona nusu ya watu walipona ndani ya miezi mitatu, ingawa karibu mmoja kwa watano alikuwa bado anaumwa baada ya miaka miwili.

Naomba nisieleweke vibaya. Nusu isiyorudiwa haina maana kwamba sonona ni homa ya mafua. Hao asilimia 15 ni watu, na anayewaza kujiua hasubirishwi aone kama yuko upande gani wa takwimu. Ninachokataa ni kumpa mtu wa kikombe kimoja hukumu ya washinda kijiweni.

Hapa inaingia nadharia ninayoipenda na kuishuku kwa pamoja. Mwanzoni mwa karne iliyopita Emil Kraepelin, daktari Mjerumani, alimweleza mgonjwa wake mmoja, mwanamke aliyeugua sonona mume wake alipofariki. Akapona. Ikamrudia mbwa wake alipokufa. Akapona. Ikamrudia alipokufa njiwa wake. Mume, mbwa, njiwa. Mwaka 1992 Robert Post wa Marekani aliichukua picha hiyo akaifunga na jaribio la miaka ya sitini la Graham Goddard, ambaye alikuwa akipitisha umeme mdogo kwenye ubongo wa panya kila siku. Siku za mwanzo panya hana habari. Baada ya siku nyingi, umeme uleule mdogo unamtia kifafa. Post akasema huenda sonona hufanya hivyohivyo: mara ya kwanza inahitaji msiba mkubwa, na kila ikirudi inahitaji kidogo zaidi. Anayewasha jiko la mkaa anaelewa. Mwanzo ni mafuta ya taa, gazeti, kipepeo na jasho. Makaa yakishashika, ukipuliza tu yanang'aa.

Kenneth Kendler aliijaribu nadharia hii kwa wanawake mapacha zaidi ya 2,000 wa jimbo la Virginia, na matokeo yake ya mwaka 2000 yaliiunga mkono kwa sehemu: uhusiano kati ya tukio zito na kuugua ulipungua kila mtu alipoongeza idadi ya kuugua, mpaka kama mara ya tisa. Mwaka uliofuata akaongeza doa. Wanawake wenye sonona nyingi katika ukoo walionekana kama makaa yaliyozaliwa yameshika. Mara yao ya kwanza ilikuja bila msiba wa maana.

Shaka yangu imesaidiwa na Scott Monroe na Kate Harkness. Mwaka 2005 walisema kwamba nadharia ile inabeba mambo mawili tofauti ndani ya kikapu kimoja. Pengine baada ya muda ugonjwa hauhitaji msiba tena, unajiwasha wenyewe. Au pengine bado unahitaji msiba, ila mdogo. Ukiwa na dodoso linalouliza kuhusu kufiwa, talaka na kufukuzwa kazi, yote mawili yataonekana sawa kwenye karatasi: "hakuna tukio". Njiwa hayumo kwenye dodoso. Na kuna uwezekano wa tatu, unaotokana na Baltimore: waliougua mara tisa huenda tangu mwanzo ni watu wa aina nyingine na wale wa mara moja, na wala si kwamba kuugua kwenyewe kumewaunguza. Hapo ushauri kwa mgonjwa wa mara ya kwanza unabadilika kabisa. Kama ugonjwa unaunguza, kila mara inayozuilika ni hazina. Kama watu ni wa aina mbili, kazi ni kuwatambua mapema wale watakaorudiwa na kuwaacha wengine waende zao.

Chini ya yote hayo kuna ufa mmoja ambao haujazibwa vizuri. Karibu kila utafiti wa namna hii humuuliza mtu mzima: umewahi kuugua hivi mara ngapi, na ya kwanza ilikuwa lini? Mjini Dunedin, New Zealand, watoto 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973 wamekuwa wakiitwa na kuhojiwa upya tena na tena maishani. Mwaka 2010 Terrie Moffitt na wenzake walijumlisha kilichokuwa kimeandikwa hadi wakafikisha miaka 32, wakakuta asilimia 41 walikuwa wameshaugua sonona wakati mmoja au mwingine. Hiyo ni kama mara mbili ya idadi inayopatikana ukiwauliza watu wakumbuke. Watu husahau, na sonona ikishaondoka mtu huona kama ilikuwa ya mwingine, au huipa jina jingine. Kwa hiyo "mara ya kwanza" tunayoichambua kwa hesabu nzito inaweza kuwa ya pili au ya nne, na aliyewahi kuugua mara moja akapona huingia kundi la "hajawahi".

Sasa tufanye nini na haya, sisi ambao hospitali yetu ya akili tumeigeuza tusi, mtu akikukera unamwambia arudi Mirembe?

Jaribio ninalolirudia mara kwa mara ni la Paul Bolton na wenzake kusini magharibi mwa Uganda, Masaka na Rakai, lililotoka 2003. Vijiji 30. Kwanza waliwauliza wenyeji majina yao ya ugonjwa, wakapewa mawili ya Kiganda, yo'kwekyawa na okwekubazida, kujichukia na kujihurumia. Halafu nusu ya vijiji vikaundiwa vikundi vilivyokutana saa moja na nusu kwa wiki, wiki 16, vikiongozwa na wenyeji waliofunzwa kwa wiki mbili tu. Mazungumzo yalihusu kufiwa, ugomvi, na mabadiliko ya maisha. Mwanzoni asilimia 86 ya wanavikundi walikuwa na sonona, mwishoni 6.5. Takwimu hiyo hunukuliwa kila mahali. Mara nyingi hunukuliwa bila mwenzake: kwenye vijiji ambavyo havikupata vikundi, sonona nayo ilishuka, kutoka asilimia 94 hadi karibu 55. Nazisoma mbili hizo pamoja na sioni ugomvi. Wengine hupona wenyewe, kama Baltimore, kama mama mdogo. Wengine wengi hawaponi mpaka wapate watu wa kukaa nao. Na kukaa na watu ndiko kulekule Brown na Harris walikokuta Camberwell.

Kwa hiyo ningeanza na zahanati, si na hospitali ya rufaa. Mgonjwa akija mara ya pili na "mwili mzima unauma" na vipimo vimetulia, aulizwe maswali mawili kuhusu wiki mbili zilizopita: umekuwa na huzuni isiyoondoka? Umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda? Maswali haya yamo kwenye dodoso fupi ambalo toleo lake la Kiswahili limeshajaribiwa Kenya na Tanzania. Mimi ningeongeza la tatu, ambalo halimo: kabla ya kuanza kuumwa, kuna lililotokea mbele za watu? Jibu liandikwe daftarini kwa tarehe. Likiandikwa, miaka kumi baadaye hatutategemea kumbukumbu.

Naye anayehitaji dawa apewe ukweli wake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo vidogo, toleo la 2016, ulitaka dawa iendelee miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuondoka, jambo ambalo ni gumu kumweleza mtu anayejisikia mzima na analipa nauli. Akiuliza kama itarudi, aambiwe nusu kwa nusu, na kwamba kama kwao imewapata wengi, au mara hii imekuja bila sababu inayoonekana, tutamwita mapema zaidi. Aambiwe pia dalili zake mwenyewe za mwanzo. Kwa mama mdogo ilikuwa kulala mchana.

Mwaka jana nilikuwa jikoni kwake alfajiri, kabla wateja hawajaanza. Nikamuuliza, "Mama mdogo, hivi ule mwaka ulioacha vitumbua, ulikuwa unaumwa nini?"

Hakufikiri hata kidogo. "Malaria, mwanangu. Ilinitesa mwaka ule!" Akageuza kitumbua.